Kufundisha Watu Kuiogopa Bunduki

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa blanketi, sufuria kubwa na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi yangu ili wanaokuja nyuma wajue. Blanketi ninalitumia, maana baridi ya Lushoto mwezi wa saba haina utani. Sufuria imeenda kwenye misiba mitatu na kurudi. Saa imeshasimama. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mnavijua na mishahara mnaipokea wenyewe. Nitaandika juu ya bunduki na watu waliozishika, na mtanisamehe nikionekana nimekasirika. Bado sijatulia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wazima jambo lilelile, na wao kunijibu kwamba wanalijua.

Nilizaliwa Mlola, kwa wakulima wa maharage na viazi. Baba hakuwa na bunduki. Katika ukoo aliyekuwa nayo ni mjomba wangu Zakaria, kaka yake mama, mkulima na mfugaji wa Kwai. Nitafika kwake. Wapo ndugu ambao wangependa nimruke, lakini nikimruka yeye sina cha maana cha kuwaandikia.

Niliajiriwa kama askari wa misitu. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa buti mpya zilizonibana, nikidhani nitapelekwa msituni kuwakamata wapasua mbao. Nilipelekwa ghalani. Ghala la silaha lilikuwa chumba cha mawe kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma na harufu ya mafuta ya bunduki, na mtunzaji wake alikuwa Mzee Hoza, mtu mfupi mwenye sauti ya chini kama anaongea msikitini.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye askari mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Umewahi kushika bunduki?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali," akasema. "Waliowahi kushika ndio wanaonisumbua."

Akaingia ndani, nami nikanyoosha mikono kupokea bunduki. Akatoka na mpini wa jembe. Akachora mstari wa chaki kwenye ncha moja, akasema hapo ndipo mdomo wa bunduki, risasi hutokea hapo. Akaniambia nitembee na mpini huo kila mahali mpaka atakapouomba, na ncha ile isimwelekee mtu hata mara moja.

Niliona ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye nilijua wote walipitia mpini, na wengi walidanganya. Mzee Hoza alikuwa akitokea mahali usipomtegemea. Nikigeuka kumwitikia mtu, nasikia sauti ile ya chini nyuma yangu: "Umeua." Nikiinama kuchukua kikombe: "Umemuua mpishi." Juma lilipokwisha nilikuwa nimeua ofisi nzima pamoja na mchungaji aliyekuja kutuombea. Wenzangu walicheka. Mzee Hoza hakucheka hata siku moja, na ndipo nilipoanza kuelewa kwamba halikuwa jambo la mchezo. Siku aliyouomba mpini wake, alinipa bunduki kuukuu yenye kitako kilichofungwa kwa waya, akaniambia, "Tofauti ni moja tu. Hii haitakuambia kwamba umeua. Utajionea."

Kusafisha silaha milimani ni kazi ambayo watu wa bondeni hawaielewi. Ukungu huingia kwenye mtutu kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Ukiiacha bunduki siku ya mvua bila kuipangusa, kesho yake ina kutu nyekundu. Mzee Hoza alitufundisha kukata fulana za zamani vipande vya ukubwa wa kiganja, kuvipitisha kwa kamba ndani ya mtutu, kikavu kwanza, kisha chenye mafuta, kisha kikavu tena. Ila kabla ya kitambaa cha kwanza ilikuwa ni kufungua chemba, kutazama, kisha kuingiza kidole, maana jicho huchoka na kidole hakidanganyiki. Tuliona anatupotezea muda. Wapo waliosafisha bila kufungua kwa sababu eti wanakumbuka walivyoiacha. Kama kuna neno ningeweza kulipiga marufuku katika wilaya hii, ni "nakumbuka".

Aliyekumbuka vibaya ni Kaniki. Alikuwa mwenzetu, mcheshi, mwimba besi kwenye kwaya ya usharika. Tulikuwa tunashuka na gari kuelekea Mazinde, kwenda kukutana na doria ya huko chini, sisi watano nyuma na bunduki katikati ya magoti. Niliona mdomo wa bunduki yake umeegemea buti lake. Nikamwambia, "Kaniki, igeuze hiyo." Akasema, "Dada Helena, haina kitu. Niliitoa risasi jana." Kwenye kona moja gari likapita juu ya jiwe, tukarushwa, na bunduki ikalia.

Ndani ya gari lililofungwa turubai, mlio ule hausikiki kama mlio. Ni kama umepigwa kofi masikio yote mawili. Kaniki alitazama mguu wake kwa mshangao, kisha akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyefanya. Nilimfunga mguu kwa mtandio wangu. Njia nzima alirudia, kwa utaratibu kabisa, kwamba haikuwa na kitu. Leo ana duka la pembejeo Mlola na anatembea kwa gongo. Tukikutana huniambia hakumbuki kama kweli aliitoa ile risasi au alikusudia kuitoa.

Niliporudi nilimwambia Mzee Hoza kwamba nataka kuwa mkufunzi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nilimwambia Kaniki aigeuze na hakuigeuza.

"Na ukiwa mkufunzi ataigeuza?"

"Nitakuwa na haki ya kumlazimisha."

"Haki hiyo ulikuwa nayo hata ndani ya gari," akasema. "Ulichokosa ni sauti."

Sikulipenda jibu hilo. Nikaenda kwenye kozi hata hivyo, kwenye kambi moja huko tambarare, kwenye joto ambalo mtu wa Mlola hawezi kulieleza nyumbani akaaminika. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Mitihani ya kuandika niliifaulu. Shabaha niliifaulu. Kufungua bunduki, kuitaja kila kipande na kuifunga, niliwashinda wengi. Ikaja siku ya kusimamia wenzangu kwenye uwanja wa shabaha, nao wakiigiza wanafunzi wakorofi. Hawakuhitaji kuigiza sana. Mmoja akageuka, bunduki imeelekea kifuani kwa mwenzake, ili amwombe kiberiti. Mimi nikasema, kwa adabu niliyolelewa nayo, "Kaka, naomba ushushe bunduki, tafadhali."

Mkufunzi mkuu akasimamisha zoezi. Alikuwa mtu mrefu asiye na haraka. Akaniambia mbele ya wote, "Helena, unajua kila kitu. Lakini sijasikia amri hapa. Nimesikia mtu anaomba chumvi kwa jirani." Nikarudi nyumbani bila cheti.

Mzee Hoza hakunipa pole. Alinipeleka asubuhi moja kwenye ukingo juu ya bonde, mahali ambapo ng'ambo yake akina mama walikuwa wanalima mahindi kwenye mteremko. Akaniambia nipige kelele neno moja: acha. Nikasema. "Mimi niliye karibu sijaacha," akasema. Nikasema tena kwa nguvu. Nikaona aibu, nikamwambia watu watadhani nina wazimu. Akasema wazimu una nafuu kuliko jeneza. Nikaendelea mpaka koo likawaka, mpaka akina mama wa ng'ambo wakasimama na majembe yao hewani, wakitazama huku kujua wamefanya nini. Mzee Hoza akawapungia mkono kuwaomba radhi, akaniambia, "Sasa rudi kwenye kozi."

Nikarudi, nikapata cheti. Wanaosema nina sauti ya chuma wajue ilifuliwa wapi.

Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa machimbo ya kokoto yaliyoachwa, upande wa Kwai. Mahali pazuri: ukuta wa udongo mrefu nyuma, kuta mbili kando, hakuna nyumba ng'ambo. Tatizo lilikuwa njia. Watu wa vijiji vya juu walikuwa na njia yao ya mkato kwenda sokoni, inapita juu ya ukuta ule. Tulipandisha bendera nyekundu, tukaweka mtu wa kulinda kila upande, tukatangaza msikitini na kanisani. Haikusaidia. Siku ya soko wanashuka akina mama na matenga ya kabichi kichwani, wanapita chini ya bendera kana kwamba ni nguo iliyoanikwa.

"Mama, hapa leo panapigwa risasi," namwambia mmoja.

"Nimeona, mwanangu. Basi subirini nipite."

"Kuna njia ya chini."

"Ya chini ina utelezi. Nikianguka kabichi zangu utanilipa wewe?"

Na kweli tulisubiri. Kila siku ya soko tulikaa na bunduki zimefunguliwa, risasi mezani, kina mama wanapita mmoja mmoja wakituamkia. Wanafunzi walichukia. Mimi niliwaambia kwamba hilo nalo ni somo, na pengine ndilo kubwa. Mwishowe tulihamisha siku, kwa sababu soko halihamishwi.

Sheria nilizofundisha ni nne. Kila bunduki ina risasi mpaka uifungue na kuitazama mwenyewe. Mdomo hauelekezwi kwa kitu ambacho hujawa tayari kukiharibu. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kuamua. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuziimba. Nimewafundisha askari wa misitu, mgambo, walinzi wa makampuni, wenye mashamba wanaosumbuliwa na nguruwe pori, na mara moja daktari wa mifugo. Wote waliziimba. Kisha wanasimama kupiga picha na bunduki, kidole kimekaa kwenye kifyatulio, mdomo uko kwenye sikio la jirani, wanatabasamu. Simu zimenizeesha kuliko bunduki.

Walinzi wa makampuni walikuwa na ugonjwa wao. Wanapewa bunduki lindo la mchana na kuikabidhi kwa mwenzao jioni bila kuifungua, kwa sababu kuifungua mbele ya mwenzako ni kama kumwambia humwamini. Nikawauliza, "Mkinunua nyama sokoni, hamtazami mizani?" Wanatazama. "Mnamchukia muuza nyama?" Hawamchukii. Wakakubali, wakaandika, wakaondoka, na mwezi uliofuata nikapita getini kwa mmoja wao nikakuta bunduki imeegemezwa ukutani na kikombe cha uji kimefunikwa juu ya mdomo wake ili, aliniambia, maji ya mvua yasiingie.

Kuna wakati ilitangazwa kwamba wenye magobole wayasalimishe bila kuulizwa. Tulikaa kwenye ofisi ya kijiji Mlola, mimi na polisi wawili. Magobole ya kwetu hutengenezwa na wahunzi kwa mabomba ya maji na mbao za mparachichi, na mengine ni hatari zaidi kwa aliye nyuma kuliko aliye mbele. Walikuja kwa woga, wakayaweka chini, wakaondoka haraka. Karibu na mchana akaja bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akautua mbele ya meza yetu kwa kishindo, kama kuni zinavyotuliwa. Akafungua kamba. Katikati ya kuni palikuwa na gobole.

"La marehemu," akasema. "Lilikuwa darini."

Nikamwuliza kama lina baruti. Akasema marehemu alikuwa akiliweka tayari kwa ajili ya nyani, naye alifariki ghafla, kwa hiyo yeye hajui. Alikuwa ametembea nalo kutoka mteremko wa pili, mdomo umeelekea nyuma, na nyuma yake alikuwa anafuatwa na mkwe wake aliyebeba mtoto. Nikawaondoa watu wote nje mpaka kwenye uwanja wa shule. Tulipolichunguza tulikuta baruti imo, na vipande vya misumari juu yake. Tulililowesha maji kwanza ndipo likaguswa tena. Bibi alipoambiwa, alifikiri kidogo, akamgeukia mkwe wake, akamwambia kwa Kishambaa kwamba ndiyo maana njia nzima mzigo ule ulikuwa unamtia kichefuchefu. Kisha akaniuliza kama anaweza kurudishiwa kuni zake.

Nilimrudishia. Kwanza nilizipekua moja moja.

Sasa Mjomba Zakaria.

Alikuwa na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ya halali, aliyorithi kwa baba yake. Katika ukoo wetu bunduki ile ilikuwa na heshima kuliko baadhi ya watu. Nguruwe pori waliposhuka kutoka msituni kula viazi, majirani walikwenda kumwita yeye, naye alikwenda amevaa koti lake la kanisani. Baba yangu alipofariki, Mjomba ndiye aliyetulisha. Alinipeleka shule ya sekondari kwa miguu yake, sanduku langu begani kwake. Haya nayasema mapema ili msije mkasema sikuyajua.

Ilipotakiwa kila mwenye silaha awe na cheti cha mafunzo kabla ya kuhuisha leseni, alikuja darasani kwangu. Alikuja na tai, bunduki imefungwa kwenye shuka. Nikamwamkia shikamoo mbele ya wote, akaitikia kwa furaha, akawaambia wenzake, "Huyu nimemlea mimi." Kisha akageuka kuwatazama vizuri, na mitutu yote miwili ikapita kwenye matumbo ya safu nzima ya mbele.

"Mjomba, elekeza mdomo chini."

"Eeh?"

"Mdomo wa bunduki. Chini."

"Nimeishika hii kabla mama yako hajakubeba tumboni," akasema, na darasa likacheka, na mimi nikajua siku itakuwa ndefu.

Hakuwa mjinga. Shabaha yake ya karibu ilikuwa bado nzuri. Lakini jicho la kulia lilikuwa na utando mweupe, na masikio yalikuwa yamekwenda, na hakuna kati ya hayo alilokuwa tayari kulikubali. Mchana, wakiwa kwenye mstari wa shabaha, mlinzi wa bendera alipiga filimbi: kuna mtu kaingia upande wa kulia kufuata mbuzi. Nikasema acha, kwa sauti ileile iliyosimamisha majembe ng'ambo ya bonde. Wote wakashusha na kufungua bunduki. Mjomba akaingiza risasi nyingine na kuinua. Nilikimbia, nikashika mitutu kwa mkono na kuisukuma chini. Risasi ilitoka, ikachimba udongo mbele ya miguu yetu.

Mwenye mbuzi alimshika mbuzi wake, akaondoka. Hakujua lolote.

"Kwa nini umenishika?" Mjomba akaniuliza. Alikuwa ameudhika kweli. Hakuwa amesikia chochote.

Sikumpa cheti. Jioni niliitwa Kwai, nyumbani kwake. Walikuwepo mama yangu, wajomba wadogo wawili, na mke wa Mjomba, tuliyemwita Mama Nuru, ambaye alileta chai akakaa karibu na mlango. Mama alianza yeye. Alisema anajua kazi ni kazi, lakini mjomba ni mjomba. Nikasema, "Mama, nimempenda kwanza ndipo nikamnyima."

"Sema unanionea haya kwa kuwa nimezeeka," Mjomba akasema.

"Nasema husikii, Mjomba. Na jicho moja halioni. Nenda hospitali watoe huo utando, ununue kifaa cha masikio, urudi. Nitakufundisha mwenyewe, peke yako, mpaka upite."

"Nguruwe hawasubiri hospitali."

"Basi mwite jirani apige."

Hapo nilikosea lugha. Akaweka kikombe chini taratibu. "Nilikubebea sanduku lako," akasema. "Kuanzia leo ukipita usiniamkie."

Mama alinisindikiza njia nzima. Kwetu kunyimwa salamu na mjomba si jambo la kupuuza. Nilikutana naye sokoni, nikamwamkia hata hivyo. Alinipita kama nguzo ya umeme.

Haukupita muda mrefu nikasikia ana cheti. Alikipata kwa mkufunzi mwingine huko tambarare, ambaye simtaji na ambaye naamini hakumwona akipiga hata risasi moja. Nikaenda polisi kueleza nilichokiona uwanjani. Waliandika maelezo yangu, wakamwita Mjomba akapimwe macho na masikio upya. Yeye akawaambia atakwenda akishavuna viazi. Nilikuwa namfahamu, nilijua viazi vile havingekwisha kuvunwa.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akimwita Sifa, alivunja boma, akaingia kwenye mahindi. Mama Nuru aliamka kwanza, akachukua kamba, akaingia shambani kumtafuta huku akimwita kwa jina. Mjomba aliamka baadaye, akaona mahindi yanatikisika, akachukua bunduki.

Alipiga mitutu yote miwili.

Sifa alianguka palepale. Mama Nuru alikuwa ameshamfikia na kumshika pembe. Marisau yalimwingia mkono wa kushoto na begani. Aliniambia baadaye hospitalini, akiwa amefungwa bendeji mpaka shingoni, "Nilikuwa nikiita, Helena. Sifa, Sifa, Sifa. Majirani wote wamesikia. Hata niliposema mimi ni mke wako, alikuwa anatafuta risasi nyingine mfukoni."

Jirani aliyesikia mlio na kilio ndiye aliyekimbia na kumshika Mjomba. Mama Nuru alipelekwa Lushoto kwenye pikapu ya mboga, juu ya magunia ya karoti. Alipona. Marisau mengine hayakutolewa. Yamo ndani mpaka leo, ukimgusa mkono unayasikia chini ya ngozi kama punje za mtama.

Bunduki ilichukuliwa na polisi, Mjomba akapelekwa mahakamani, akapewa kifungo cha nje. Aliacha kwenda kanisani. Utando wa jicho alitolewa wakati huo, bila kubembelezwa na mtu. Nilipokwenda kumwona nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba." Mama Nuru alitupatia chai, akaimimina kwa mkono wa kulia tu.

Nilikaa miezi mingi kabla ya kumwomba. Nilimwomba aje darasani awaeleze wanafunzi. Akasema hapana. Nikaomba mara ya pili, akasema watu watakuja kumcheka. Mama Nuru alikuwa anachambua maharage mlangoni. Bila kuinua kichwa akasema, "Atakuja. Na mimi nitakuja."

Walikuja machimboni. Lilikuwa kundi la mwisho nililofundisha kabla ya kustaafu: walinzi, mgambo na wenye mashamba wachache, watu wazima wanaojua kila kitu. Asubuhi nzima nilikuwa nimeimba sheria zangu nne, na kama kawaida robo yao walikuwa wanatazama simu. Mjomba akasimama mbele, mikono mitupu. Hakujua pa kuiweka, akaishika nyuma ya mgongo. Akaeleza kwa maneno machache. Mahindi, ukungu, risasi mbili. Hakutaja jicho wala masikio, na nilikuwa karibu kumkumbusha nikajizuia.

Hakuna aliyetazama simu. Mama Nuru alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikunja mkono wa blauzi yake, waliokuwa karibu wakaona, wakawagusa wenzao.

Mlinzi mmoja kijana, mwenye kiherehere ambaye asubuhi nzima alikuwa akinijibu kabla sijamaliza maswali, akanyoosha mkono. "Shikamoo, babu. Naomba kuuliza bila ubaya. Kwani hukumwona?"

"Marahaba." Mjomba aliweka kiganja nyuma ya sikio, nikamrudishia swali kwa sauti. Akafikiri.

"Nilimwona," akasema. "Watu wanadhani sikuona. Niliona nguruwe. Mkubwa, mweusi, kichwa chini, anakula. Mpaka leo nikifumba macho namwona yule nguruwe vizuri kuliko ninavyokuona wewe." Akaondoa kiganja sikioni. "Na ng'ombe wangu alikuwa mweupe."

Kijana akashusha mkono. Mama Nuru alikunjua mkono wa blauzi, akafunga kifungo chake cha mkononi kwa taabu, akasimama. "Tuondoke, baba Nuru," akasema. "Mvua inakuja." Akatangulia, naye akamfuata, wakapandisha ile njia ya juu ya machimbo taratibu, kwa kuwa ya chini ina utelezi.

Nilikuwa na bunduki zimepangwa mezani na zoezi la muda wa saa mbili mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, hapakuwa na mtu aliyesogea kwenda kuchukua yake.